Uzi: Nilikariri majibu ya ChatGPT nikachemsha kwenye usaili. Hivi ndivyo ninavyoitumia sasa

#1 ghalani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Miezi kadhaa nyuma niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya msimamizi wa ghala. Kazi yenyewe naijua. Nina miaka sita ghalani, nimeanzia kubeba mizigo mpaka kushika daftari la hesabu. Kilichokuwa kinanitisha ni kuongea mbele ya watu. Nikafanya kile ambacho nadhani wengi humu mnafanya: nikabandika tangazo la kazi kwenye ChatGPT, nikaandika "nipe maswali 20 ya usaili wa nafasi hii pamoja na majibu yake". Sekunde chache tu, kurasa kwa kurasa. Majibu matamu! Nikayachapa, nikayakariri siku tatu mpaka nikawa nayaota.

Siku ya siku, swali la tatu: "Tueleze tatizo uliloliona mwenyewe kazini ukalitatua." Hilo nilikuwa nalo. Nikatiririka: nilibaini changamoto ya upotevu wa bidhaa, nikashirikisha wadau, nikaanzisha mfumo madhubuti wa ufuatiliaji, nikapunguza upotevu kwa asilimia 30. Kulikuwa na mama mmoja pembeni ambaye muda wote alikuwa anaandika tu. Akainua kichwa. "Asilimia 30 ya nini? Ulipimaje?"

Wakuu, ile asilimia 30 haikuwa yangu. Mashine ndiyo iliyoiandika, nami nikaiacha kwa sababu ilikaa vizuri. Nikababaika: "Ya... ya bidhaa kwa ujumla." Akauliza tena, kwa upole kabisa, kabla ya hapo upotevu ulikuwa kiasi gani kwa mwezi. Kimya. Kimya kile nakisikia mpaka leo. Kuanzia hapo hata maswali ninayoyajua nilijibu kama mtu anayesomewa mashtaka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hadithi ya kweli ninayo. Tulikuwa tunahesabu mzigo kila mwisho wa mwezi, na kila mwezi hesabu inakataa: kwenye rafu kuna vitu vingi kuliko vilivyo kitabuni. Watu wakawa wanasema wizi. Mwizi gani anaongeza mali? Nikakaa mlangoni wiki nzima, nikaona bidhaa zinazorudishwa na wateja zinapita moja kwa moja kwenda kwenye rafu bila kuandikwa popote. Nikafunga daftari kwa kamba pale mlangoni: kitu kikirudi, kinaandikwa kabla hakijavuka kizingiti. Baada ya miezi miwili hesabu zikaanza kukubali. Hadithi ndiyo hiyo. Sikuisema kwa sababu mbele ya "mfumo madhubuti wa ufuatiliaji" daftari la kamba niliona ni ushamba.

Usaili uliofuata nikageuza kibao. Sikuiomba majibu tena, niliifanya iniulize. Agizo lenyewe hili hapa, anayelitaka achukue:

"Wewe ni msaili mkali katika jopo la watu watatu. Tangazo la kazi na wasifu wangu viko hapa chini. Niulize swali moja tu, kisha subiri nijibu. Usinipe jibu la mfano hata nikiomba. Nikijibu kwa juu juu, nidadisi: lini, wapi, wewe binafsi ulifanya nini, ulijuaje kwamba imefaulu. Usinisifu. Baada ya maswali sita, nitajie sentensi zangu ambazo mwombaji mwingine yeyote angeweza kuzisema."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo dawa. Mara ya kwanza ilinirudishia karibu kila nilichosema.

Lakini ilipoanza kunidadisi ndipo mambo yalipobadilika. Nikasema "tuligundua tatizo". Ikauliza: nani aligundua? Nikasema mimi. Ulijuaje kwamba si wizi? Hapo ndipo nikakumbuka kwamba rafu ilikuwa inazidi, haipungui. Jambo hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Mashine haikulijua na isingeweza kulijua, ila ilinichokonoa mpaka likatoka.

Karibuni tujadili. Wengine mnaitumiaje?

#2 pweza_mkavu

Nimeweka kambi hapa. Halafu huyo mama wa "ulipimaje" kumbe yupo kila jopo!

#3 Kiti cha Tatu

Mimi ndiye huyo mama, kwa maana kwamba upande huo wa meza ndiko ninakokaa. Nimeketi kwenye majopo miaka mingi, acha niseme tunachokiona kule.

Kwenye usaili uliopangwa vizuri kila msaili ana karatasi ya alama. Kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale, na chini ya kila swali kuna mistari ya kuandika alichosema. Utaratibu huo haukuja kwa kupenda urasimu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakakuta usaili wa maswali yaliyopangwa unabashiri utendaji wa mtu kwa kiwango cha 0.51, ule wa kupiga soga 0.38 (0 ni kubahatisha tu, 1 ni kubashiri bila kukosea). Wataalamu wamebishana sana juu ya hizo hesabu tangu hapo, lakini kupanga maswali kumebaki.

Sasa fikiria mimi na karatasi yangu. Anaingia wa kwanza, namuuliza kuhusu mgogoro na mwenzake kazini. "Niliamini katika mawasiliano ya wazi, nikamsikiliza kwa makini, tukafikia suluhisho lenye manufaa kwa pande zote." Anaingia wa pili: mawasiliano ya wazi, kusikiliza kwa makini, manufaa kwa pande zote. Wa tatu hivyo hivyo. Hakuna anayewakata alama kwa kutumia akili mnemba (AI). Mimi sina tu cha kuandika kwenye ile mistari. Kisha anaingia mmoja anasema "tuligombania ufunguo wa stoo", kalamu yangu inaanza kutembea.

Kwa hiyo mleta mada, daftari lako la kamba ningeliandika lote, mpaka kamba.

Jambo jingine ambalo watu hawalifanyi: ile sehemu ya "sifa za mwombaji" kwenye tangazo ni kama mwongozo wa kusahihishia mtihani uliovuja. Maswali tunayatoa pale. Ipe AI tangazo uiambie: "Kwa kila sifa, niandikie maswali mawili ambayo jopo linaweza kuuliza ili kuipima." Kisha wewe mwenyewe, kwa kalamu, andika pembeni ya kila sifa tukio moja la kweli. Penye nafasi tupu ndipo penye shimo lako, na ni heri ulijue Jumanne kuliko siku ya usaili. Huhitaji matukio mengi. Sita au saba yaliyonyooka yanatosha, kwa sababu tukio moja linaweza kujibu maswali matatu tofauti.

Na ule mpangilio wa Hali, Jukumu, Hatua, Matokeo ambao hizi programu zinaupenda: si mbaya, lakini watu wanamalizia pumzi kwenye Hali. Dakika mbili nzima mtu ananieleza historia ya idara. Sehemu kubwa ya jibu iwe Hatua. Mimi siiajiri idara.

#4 mbishi_wa_kudumu

Naona mnajitesa. Waajiri wenyewe wanatumia AI kutuchuja kabla hata binadamu hajaona jina lako. Amazon walianza kujenga mfumo wa kupanga waombaji mwaka 2014. Shirika la habari la Reuters likaja kuripoti Oktoba 2018 kwamba ulikuwa umejifunza kutokana na wasifu wa miaka kumi, mwingi wa wanaume, ukawa unashusha alama wasifu wenye maneno kama "klabu ya chesi ya wanawake". Mradi wakauacha. Huo ndio tuliousikia, je, wa kampuni ambazo hazikuripotiwa?

Sasa mimi usaili ukiwa wa mtandaoni nikiweka simu pembeni ya kompyuta, inasikiliza swali inaniandikia jibu, kosa langu ni nini? Wao wana mashine, nami nina mashine.

#5 msimbo

Kwenye fani ya programu hili limeshachezwa mpaka limechakaa. Mwaka 2025 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia alitengeneza programu ya kujificha kwenye skrini na kumjibia mtu maswali ya usaili wa kuandika msimbo. Chuo kikamsimamisha masomo. Mwaka huo huo mkuu wa Google, Sundar Pichai, akasema wanarudisha angalau raundi moja ya ana kwa ana. Kwa hiyo mashine inaweza kukuvusha mlango wa kwanza, halafu wa pili unaingia wewe peke yako.

Pia usidhani hawaoni. Nimesaili watu mtandaoni. Swali likiisha kunapita kimya cha urefu ule ule kila mara, hata ukiuliza jina la mji wake. Macho yanaenda kushoto kulia, kushoto kulia, kama anayetazama tenisi. Mimi huwa simkatizi. Nasubiri amalize, halafu namwambia "hapo ulipotaja njia ya pili, kwa nini hukuichagua?" Simu yake inabidi isikie, ifikiri, iandike. Sekunde nne. Kwa mtu aliyefanya kazi ile kwa mikono yake, jibu la swali hilo linatoka kabla sijamaliza kuuliza.

#6 mbishi_wa_kudumu

Ya macho nimekuelewa. Ila la Amazon hujalijibu mkuu.

#7 Kiti cha Tatu

Acha nilijibu mimi, kwa sababu una haki ya kuuliza. Mashine kumpima mtu bila yeye kujua inampimaje ni jambo baya, na halijabaki malalamiko matupu. HireVue, kampuni kubwa ya usaili wa video, ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeacha kuchambua sura za waombaji. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza tarehe 1 Agosti 2024, imeweka mifumo ya kuajiri kwenye kundi la hatari kubwa, na tangu 2 Februari 2025 imekataza mashine kusoma hisia za watu mahali pa kazi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Ukiitwa kwenye usaili wa kurekodi video bila mtu upande wa pili, uliza kwa adabu ni nani atakayeutazama. Swali hilo halina kosa.

Lakini kaka yangu, hoja yako inakupa haki ya kukasirika, haikupi jibu la "ulipimaje".

#8 mama_wa_wawili

Habari zenu. Nimesoma uzi wote, sasa naomba msaada. Nimekaa nyumbani miaka minne nikilea. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mishahara. Nina usaili wiki ijayo na najua swali la pengo litakuja. Nilipoiuliza AI ikaniambia niseme kwamba kipindi hicho "kilikuwa safari ya ukuaji binafsi iliyoniongezea ustahimilivu na usimamizi wa vipaumbele". Naishia kucheka, hata kulitamka siwezi.

Na kingine: nimefanya mazoezi nayo siku mbili, kila nikijibu inasema "jibu zuri sana, lenye kugusa!" Hata nilipojibu hovyo makusudi.

#9 Kiti cha Tatu

Dada, miaka minne ya kulea ni sentensi moja: "Niliacha kazi kulea watoto, sasa wamefikia umri ambao ninaweza kurudi kazini siku nzima." Nukta. Jopo halitaki uombe radhi wala upambe. Linataka kujua kama kazi bado unaiweza. Kwa hiyo sentensi ya pili iwe ya mishahara: kitu gani kilichobadilika kwenye kazi hiyo tangu uondoke, na umekijua vipi. Hapo ndipo pa kuitumia mashine: ikuulize kuhusu programu za mishahara na makato mpaka ugundue ulichosahau, halafu kila ilichokuambia kakihakikishe kwenye chanzo rasmi.

#10 chaki_nyeupe

Kuhusu sifa za bure: si wewe peke yako. Aprili 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, waliondoa sasisho la GPT-4o (mfumo ulioiendesha ChatGPT wakati huo) ndani ya siku chache tu kwa sababu lilikuwa linawasifia watu kupita kiasi, nao wenyewe wakakiri. Sababu moja ni kwamba mifumo hii inanolewa kwa maoni ya watu, na sisi watu tunapenda kusifiwa. Sisi ndio tuliolilea tatizo hilo.

Ninachofanya mimi: siiambii kwamba jibu ni langu. Naandika, "Hili ni jibu la mwombaji namba 4. Jopo limeamua kumkataa. Niandikie sababu tatu zilizoandikwa kwenye karatasi yao, kila moja ikinukuu maneno yake." Heshima yote inaisha. Siku ya kwanza niliifunga kompyuta nikaenda kutembea. Tahadhari tu: ukiilazimisha itafute makosa, itayatafuta hata pasipokuwepo. Sababu tatu ikileta, mbili zitakuwa za kweli na moja ya kujaziliza. Kuzitenganisha ni kazi yako.

#11 jua_la_asubuhi

Mimi tatizo langu ni moja. Nasoma majibu yangu mara kumi, nikiwa nyumbani nayajua yote, nikikaa mbele ya watu yanayeyuka. Je, ni woga au ni akili yangu?

#12 chaki_nyeupe

Mimi ni mwalimu, na hilo naliona darasani kila muhula. Si akili yako. Unafanya mazoezi ya kusoma, halafu unatahiniwa kukumbuka. Hizo ni kazi mbili.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lao mwaka 2006. Wanafunzi walipewa kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena, jingine likakifunika na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yakapinduka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojipima 56. Tazama sehemu inayodanganya: dakika tano za kwanza. Ukimaliza kusoma unajiona unajua, kwa sababu kwa muda huo unajua kweli.

Sasa lete kwenye usaili. Funga yale majibu. Iambie programu ikuulize, wewe jibu kwa mdomo, kwa sauti, umesimama au umekaa kama utakavyokaa. Nyingi siku hizi zinasikiliza sauti. Kama yako haisikilizi, jirekodi kwenye simu kisha bandika ulichosema. Kesho yake rudia maswali hayo hayo kwa mpangilio tofauti, bila kusoma chochote katikati. Utasahau, na hapo ndipo utakapokuwa unajifunza. Na usikariri sentensi. Kariri vituo: rafu imezidi, mlangoni, wiki nzima, daftari, kamba. Maneno yatakuja yenyewe, kila siku tofauti kidogo, kama unavyosimulia kitu kilichokutokea.

#13 ghalani (mleta mada)

Mwalimu, hapo kwenye kujirekodi naongeza. Nilijisikiliza nikakuta nasema "kimsingi" kila sentensi ya pili. Maisha yangu yote sikuwahi kujua. Mke wangu akasema yeye alikuwa anajua.

#14 kinyonga

Wakuu, mnaitaja kama vile inajua kila kitu. Tahadhari yangu inatokana na yaliyonikuta. Niliiuliza kuhusu kampuni iliyoniita, ikanieleza vizuri, mpaka huduma wanazotoa. Kwenye usaili nikasema navutiwa sana na kitengo chao fulani. Wakatazamana. Mmoja akaniambia kitengo hicho hawajawahi kuwa nacho. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kumbuka wale mawakili wa New York mwaka 2023 waliopeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, wakapigwa faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili, na kuthibitisha ndiyo kazi yao. Mambo ya kampuni yasome kwenye tovuti yao, kwenye ripoti zao, kwenye matangazo yao ya karibuni. Ukiyapata, ndipo uyabandike kwenye AI uiambie ikuulize maswali kutokana na hayo tu.

#15 msimbo

Na usibandike kila kitu. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Samsung walibandika msimbo wa siri wa kampuni kwenye ChatGPT, kampuni ikaja ikazuia zana hizo. Wewe kwenye wasifu futa namba ya simu, namba ya kitambulisho, anwani, majina na namba za wadhamini wako (hao hawakukuruhusu). Hesabu za ndani za mwajiri wako wa sasa, hapana. Ingia pia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuzuia mazungumzo yako yasitumike kufundishia mfumo. Kazi yenyewe haimalizi dakika mbili.

#16 pweza_mkavu

Swali la mshahara je? Nimeiuliza ikanipa kiwango, nikaona kama ndoto.

#17 Kiti cha Tatu

Kiwango usikitoe huko. Uliza watu walio kwenye kazi hiyo. Mashine itumie kwa kitu kimoja: kuizoesha midomo yako kutaja namba na kunyamaza. Watu wanataja namba nzuri, halafu kimya kinawashinda, wanajishusha wenyewe kabla hatujasema neno.

#18 jua_la_asubuhi

Na lugha? Nikiiandikia Kiswahili inanijibu kama hotuba ya ufunguzi wa semina. "Nipo tayari kutoa mchango chanya katika kufanikisha malengo ya taasisi."

#19 ghalani (mleta mada)

Hahaha, "mchango chanya" nimewahi kuusema mimi, mbele ya watu wazima.

Dawa yake: usiiruhusu iandike upya. Mimi naiambia, "Usibadilishe maneno yangu. Pigia mstari tu pale ambapo msikilizaji atapotea." Kama usaili ni wa Kiingereza na si lugha uliyoizoea, iambie ikuulize kwa Kiingereza na irekebishe yale makosa yanayopoteza maana tu. Ikirekebisha kila kitu utaanza kuogopa kufungua mdomo. Na ukitumia sauti kwa Kiswahili, majina ya watu na mahali huwa inayaandika vioja, usishtuke.

#20 mbishi_wa_kudumu

Mleta mada umezunguka sana. Swali la msingi: kazi uliipata au hukuipata?

#21 ghalani (mleta mada)

Niliwekwa wa akiba. Aliyechaguliwa akapata kwingine, wakanipigia baada ya wiki sita. Sasa hivi naandika nikiwa ghalani. Na ndiyo, daftari nimefunga mlangoni. Kamba ya hapa ni nzuri zaidi.

#22 mbishi_wa_kudumu

Basi mshukuru huyo aliyekimbia, usiishukuru AI.

#23 ghalani (mleta mada)

Nawashukuru wote wawili mkuu.

#24 Kiti cha Tatu

Kabla sijasahau, jambo la mwisho kutoka upande huu wa meza. Tukisema "je, una swali kwetu?" siku hizi tunaulizwa swali moja na kila mtu: "Mafanikio katika nafasi hii yanapimwaje katika siku 90 za kwanza?" Swali zuri. Lilikuwa zuri pia kwa waliotangulia asubuhi hiyo hiyo. Uliza kitu ambacho kweli unataka kukijua, hata kikiwa kidogo.

#25 mama_wa_wawili

Nimerudi kutoka kwenye usaili, mikono bado inatetemeka lakini acha niwape ripoti.

Swali la pengo lilikuja la pili. Nilisema ile sentensi moja, nikanyamaza. Mzee wa katikati akaitikia kwa kichwa, akaendelea na swali lingine. Miezi mitatu nimekosa usingizi kwa swali lililochukua sekunde kumi!

Kwenye makato waliniuliza mfanyakazi akilipwa zaidi kimakosa nafanyaje. Hilo mashine ilikuwa imeniuliza mara tatu, kila mara inanidadisi "na kama ameshaacha kazi?" Nao wakauliza "na kama ameshaacha kazi?" Nilikaribia kucheka. Nikawasimulia la kweli lililonipata mwaka wa mwisho kazini, pamoja na sehemu ambayo mimi ndiye niliyekosea kuingiza tarehe. Lile la kukosea sikulipanga, lilitoka lenyewe. Waliandika sana hapo, sijui ni heri au shari.

Mwisho wakauliza kama nina swali. Nikakumbuka #24. Nilichokuwa nataka kujua kweli ni kimoja, nikauliza: aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla, ameenda wapi? Wakaangaliana.

#26 ghalani (mleta mada)

Wakasemaje??

#27 mama_wa_wawili

Amepandishwa cheo. Ndiye yule aliyekuwa ananiuliza ya makato.